Mgogo Aliyekataa Maji

Boza la maji, lile lori lenye tangi, liliingia kijijini kwetu Jumapili, watu wakiwa ndio wanatoka kanisani, kwa hiyo kila mtu aliliona. Nami nikasimama mbele yake nikalizuia. Tangu siku hiyo wapo wanaoniita Mkataa Maji, na wakiniita naitika. Lakini ngoja nianze mwanzo, msije mkanidhania mwendawazimu kabla ya wakati.

Jina langu ni Zablon. Shamba ninalolisema liko kilima cha Itumba, kusini mwa Dodoma, ukishaiacha lami ya kwenda Iringa. Baba yetu, Petro, alikuwa mpishi wa mapadre wa misheni. Mapadre walihitaji divai ya misa, na divai iliyoletwa kwa meli, kisha treni, kisha juani kwenye lori, ilikuwa inafika imeshakuwa siki. Wakapanda mizabibu yao wenyewe. Ikakubali. Wao wenyewe walishangaa, maana waliambiwa nchi hii inaotesha miiba tu. Baba akaomba vipando, akavifunga kwenye gunia lililoloa, akavileta nyumbani kwa baiskeli. Nusu akavipanda bondeni kwenye udongo mweusi. Nusu akavipanda juu Itumba, kwenye udongo mwekundu uliojaa kokoto.

Mama alimwuliza kwa nini ahangaike na kule juu, mahali ambapo hata mbuzi wakipelekwa wanarudi wenyewe. Baba akasema anataka kuona tofauti. Hakuiona. Kila msimu zabibu za juu na za chini zilimwagwa kwenye gari moja, zikaenda kiwandani pamoja, na hakuna aliyewahi kuonja za juu peke yake mpaka baba anakufa.

Kaka yangu Meshack ndiye mkubwa, akapata bonde. Mimi nikapata kilima. Simlaumu, ndivyo inavyokwenda. Lakini bondeni kichala kimoja unakishika kwa mikono miwili, na Itumba kichala kinakaa kwenye kiganja na nafasi inabaki. Kiwanda kinanunua kwa kilo, na mzani hauna ulimi. Msimu ambao kiwanda kimejaa, tunakamua wenyewe na kuuza ule tunaouita mchuzi wa zabibu, divai ambayo haijamalizwa, inayobebwa kwenye matangi kama maziwa. Huko nako wanauliza lita, hawaulizi kilima.

Halafu jiji likaanza kutufuata. Wafanyakazi wa serikali walihamia Dodoma, wakahitaji nyumba, na mwenye uwezo anapenda nyumba ya kilimani ili jioni aangalie taa za mjini. Itumba ikawa na thamani kwa mara ya kwanza, lakini bila mizabibu. Ardhi bado ilikuwa kwenye jina la baba, kwa hiyo Meshack akaita kikao cha ukoo.

"Zablon anakifukuza kilima kama mtu anayemfukuza kunguru," alisema. "Hakipati. Tukate viwanja, tugawane, biashara iishe."

Wengi wakakubali. Mpima akaja, na bikoni za zege, zile nguzo fupi za mipaka zenye namba za rangi nyekundu, zikapangwa chini ya mstari wangu wa kwanza wa mizabibu. Nilikuwa naziona kila asubuhi. Ni kama kulala na jeneza lako uvunguni.

Nikasimama kwenye kikao cha pili nikaomba msimu mmoja. Itengenezwe divai ya Itumba peke yake, isichanganywe na ya mtu yeyote. Ikipata mnunuzi anayeitaka kwa jina lake, mizabibu ibaki. Isipopata, jembe la kwanza la kuing'oa nitalishika mimi.

Meshack akainua kidole kimoja. "Msimu mmoja," alisema. "Usije ukaniomba wa pili."

Mke wake, Ruthu, alikuwa mlangoni anapepeta uwele. Yeye na mimi ni mashemeji, na kwetu shemeji ana ruhusa ya kukutukana mpaka uchoke. "Shemeji," akasema, "divai ya zile zabibu zako utaikamulia kwenye kijiko au kwenye kisoda?"

Mwezi wa tano akaja Erica. Huyu ni binti wa Mpwapwa aliyesomea utengenezaji wa divai, na ushirika wetu ulikuwa umemwajiri asimamie ukamuaji. Mdogo wa umri, mkavu wa maneno. Nikampenda hapo hapo, ingawa sikumwonyesha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Shamba ndilo hili. Usinifariji."

Akatembea mistari yote. Akaokota kokoto, akafukua kidogo kwenye shina, akatikisa waya. Mwisho akasimama mbele ya mzabibu mmoja uliokuwa na vichala vichanga, vya kijani, kama shanga.

"Mizabibu hii ni mizee," akasema. "Mizizi iko chini sana. Inajua kujitafutia. Hivi vichala vimezidi."

"Vimezidi? Watu wananicheka kwamba havipo."

"Vimezidi kwa nguvu ya mti. Kata nusu, udondoshe chini. Vile vitakavyobaki vitapata chakula cha wenzao."

Nilifikiri nimesikia vibaya. Ninyi mnaotoka mikoa ya mvua hamwezi kuelewa. Hapa kwetu Ugogo kila ukoo una hadithi ya njaa. Bibi yangu alikuwa akiokota punje za mtama zilizoanguka mchangani, moja moja, na sisi watoto tulikuwa tunachapwa kwa kubakiza ugali. Sasa mtoto wa watu ananiambia nikate chakula kikiwa hai na kukitupa.

"Erica," nikasema, "wewe ni Mgogo?"

"Ni Mgogo, baba."

"Basi unajua unachoniambia."

"Najua. Ndiyo maana nimekuambia wewe kwanza, sijawaambia majirani."

Nilikata. Kufika mchana ardhi ilikuwa ya kijani chini ya kila mstari, na juu ya ukingo wa shamba watu walikuwa wamejipanga wanaangalia kama wanaangalia ajali. Kisha Ruthu akateremka na kikapu, akaanza kuokota.

"Zina uchachu wa kutosha," akasema, baada ya kutafuna moja na kufumba macho yote mawili. "Nitapikia kuku badala ya ndimu. Shemeji, ukimaliza kutupa zabibu, nguo zako nazo utatupa lini, nije na kikapu kikubwa?"

Jioni hiyo Erica alikula nasi huyo kuku, na kweli alikuwa mtamu. Akatuhadithia kwamba divai ni kitu cha zamani kuliko vitabu. Kuna nchi ya milima inaitwa Jojia, huko karibu na Urusi, ambako watu walikuwa wanatengeneza divai miaka elfu nane iliyopita, na mpaka leo wapo wanaoichachusha kwenye mitungi mikubwa iliyofukiwa ardhini.

"Mitungi ya udongo?" Ruthu akauliza.

"Ya udongo, mama."

"Imefukiwa, kama ule mtungi wa pombe wa mama mkwe wangu?"

"Kama huo."

"Basi hao ni Wagogo waliopotea njia. Warudi nyumbani."

Erica akatuambia pia kwamba zabibu inakunywa mahali ilipo. Udongo mweusi wa bondeni unashika maji, mti unakunywa ukashiba, zabibu inavimba, na ladha inakuwa kama chai iliyoongezwa maji wageni walipozidi. Udongo mwekundu wa kokoto hauna cha kumpa mtu, kwa hiyo mti unatoa kidogo lakini unatoa cha ndani. Mchana jua la Itumba linaleta sukari. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba unakuja ule upepo wetu, mtu anavaa koti na blanketi juu yake, na baridi hiyo ndiyo inayoutunza uchachu usiungue. "Sehemu nyingi duniani," akasema, "wanavuna mara moja tu kwa mwaka. Nyinyi mnavuna mara mbili. Mavuno ya mvua yauzeni kwa kilo. Haya ya kiangazi ndiyo yenye maneno."

Kisha akasema lile la pili. Kuanzia zabibu zitakapoanza kubadilika rangi, nifunge maji. Nisimwagilie hata tone mpaka kuvuna.

Nilifunga. Bondeni mabomba ya Meshack yalikuwa yanalia usiku na mchana, na kule kwangu majani yakaanza kukunjamana. Mwezi wa nane ulipoingia yalikuwa ya njano pembeni, yananing'inia kama masikio ya mbwa mgonjwa. Kila nilipopita nilikuwa naangalia upande mwingine. Lakini zabibu zenyewe, ndogo vile, zilikuwa zimeiva rangi ya usiku, na ukiweka moja mdomoni ilikujibu.

Meshack alikuwa akipita na pikipiki yake barabara ya chini. Alikuwa anapunguza mwendo, anaangalia juu, anaondoka. Baadaye Ruthu alinieleza kwamba siku hizo alikuwa hali chakula vizuri. Anaweka tonge chini na kusema, "Ile mizabibu ya baba inakufa kwa kiu na yule mpumbavu anaiangalia."

Mtu huyo ndiye aliyetaka kilima kiuzwe. Angekaa kimya tu siku chache, kiwanja kingekuwa chake. Hakuweza. Mtu aliyekulia Ugogo hawezi kuona kiumbe kina kiu akapita. Akaenda mjini, akakodi boza kwa hela yake, akaliagiza lipande Itumba.

Ndiyo ile Jumapili. Boza likapinda kanisani, watu wakaanza kulifuata kwa miguu, akina mama wakapiga vigelegele. Meshack alikuwa mbele na pikipiki, amevaa suti ya ibada, uso wake umekunjuka namna ambayo sikuwahi kuiona tangu tukiwa wadogo. Dereva akashuka, akaanza kukunjua mpira wa maji.

Nikasimama mbele ya mstari wa kwanza.

"Rudisha mpira," nikamwambia dereva.

Dereva akamwangalia Meshack. Meshack akacheka, akidhani ni utani. "Zablon, toka hapo. Nimekuletea maji."

"Nimeyaona. Asante. Siyataki."

"Yameshalipiwa."

"Siyataki, kaka. Zimebaki siku chache tuvune. Zikinywa sasa zitavimba, na kila kitu nilichofanya tangu mwezi wa tano kitakuwa bure."

"Zinakufa!"

"Hazifi. Zinafanya kazi."

Kicheko kikamwishia. Alinisogelea akashusha sauti, lakini kulikuwa kimya kiasi kwamba kila mtu alisikia. "Unanikataa mimi? Mbele ya watu hawa?"

"Wewe sikukatai. Nakataa maji."

Nyuma kabisa bibi mmoja akasema kwa sauti, kama mtu aliyeona kupatwa kwa jua, "Jamani! Mgogo anakataa maji!"

Hakuna aliyecheka. Nilijua ninachofanya. Kwetu ukimnyima mtu maji umemfanya adui, na ukiyakataa maji ya mtu, hilo hata jina halina. Nilitaka kuongeza neno la kulainisha, lakini sijui kulainisha.

Aliyetuokoa ni Ruthu. "Shemeji," akasema, "kama shamba lako halina kiu, sisi tuna ndoo." Akamgeukia dereva. "Baba, usirudi na maji mjini, utaharibu mashine. Shuka nayo pale kwenye kituo cha maji tukinge."

Hapo watu wakacheka, wakatawanyika kukimbilia ndoo, na boza likarudi nyuma taratibu. Kijiji kizima kilifua siku hiyo. Lakini Meshack hakucheka. Aliwasha pikipiki akaondoka, na tangu hapo akawa ananijibu salamu kwa kidevu.

Mke wangu, Angelina, hakunigombeza mpaka tulipofika ndani. "Umemwaibisha kaka yako mbele ya kanisa zima," alisema. "Hiyo divai bora iwe tamu kweli kweli."

Tulivuna alfajiri, zabibu zikiwa bado na baridi ya usiku. Mavuno yaliingia kwenye gari dogo na gari halikujaa. Erica alipasua moja, akatafuna mbegu, ikalia kama karanga iliyokaangwa. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Pembeni alichukua na zabibu za Meshack kupitia ushirika, akaweka kila moja kwenye pipa lake, akazifanyia vilevile kabisa: siku zilezile, joto lilelile, mkono uleule. Mbegu moja, baba mmoja, mwaka mmoja. Kilichotofautiana ni mahali tu, na maji, na vile vichala nilivyokata.

Mnunuzi, aliyeitwa na ushirika, alikuja Desemba. Alikuwa Damyanti Vithaldas, mama wa makamo mwenye hoteli mjini. Babu yake alifika Dodoma na reli, akafungua duka la viungo karibu na soko, na ukoo wao haujaondoka. Alikuja na Elisha, msimamizi wa meza za hoteli yake. Tulikaa uani kwa Meshack, kwa sababu jambo la ukoo linaamuliwa kwa mkubwa, hata kama mkubwa hakusemeshi. Meshack alikuwa amekaa kwenye kiti chake na mikono kifuani. Ukoo wote ulikuwepo. Mtu wa viwanja, dalali aliyengoja kuviuza, naye alikuwa amepiga simu asubuhi.

"Niseme mapema," Damyanti akasema, "mimi sinywi. Nyumbani kwetu hatunywi."

"Sasa utanunuaje?" nikamwuliza.

"Kwa pua, Mzee Zablon. Pua hii imenunua bizari na iliki tangu niko msichana. Haijawahi kuninunulia takataka. Elisha ndiye atakunywa, ana raha zake."

Erica akaleta majagi mawili yasiyo na alama. Akamimina glasi kutoka kila jagi. Damyanti akanusa ya kwanza. "Nzuri," akasema. "Ya kila siku. Wageni watakula nayo nyama na kusahau." Akainua ya pili. Akanusa, akaitoa puani, akanusa tena. Akafumba macho.

"Elisha," akasema, "kunywa hii."

Elisha akanywa, akaizungusha mdomoni, akameza. Halafu akanywa tena bila kuambiwa.

"Elisha, inatosha, uko kazini."

"Samahani, mama. Nilikuwa nahakikisha."

Watu wakacheka, isipokuwa Meshack. Damyanti alimwona. Mfanyabiashara anajua nani ndani ya nyumba ana neno la mwisho. Akachukua glasi mbili akampelekea kwa mikono yake mwenyewe. "Kaka Meshack, na wewe tuambie."

Nikasema moyoni, basi. Anachotakiwa kusema ni kwamba zote ni sawa. Watu watamwamini, maana yeye ni mkubwa na zabibu amezilima zaidi yangu. Damyanti anaweza kununua ya bei ya chini akaondoka, na bikoni zikasimama.

Meshack akaonja ya kwanza. Akaiweka chini. Akaonja ya pili, na akabaki ameishika. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikuwahi kukiona. Ruthu akasema, "Baba watoto, umemeza au bado?"

"Hii ni ya Itumba," Meshack akasema.

Erica akauliza, "Umejuaje, baba?"

"Hii nyingine ina maji." Akaisukuma glasi ya kwanza kwa kidole. "Na maji ni yangu. Nayajua." Kisha akaniangalia, macho kwa macho, mara ya kwanza tangu ile Jumapili. "Ingekuwa mimi niliyeshinda na lile boza, hii isingekuwepo."

"Isingekuwepo," nikasema.

"Ungeniambia mapema."

"Nilikuambia."

"Uliniambia mbele ya boza, na suti nimevaa!"

Hapo uani palilipuka. Meshack mwenyewe alicheka mpaka divai ikamwagika kwenye suruali, akailamba kwenye kidole ili isipotee. Damyanti akangoja kicheko kiishe, akauliza ipo kiasi gani.

"Kidogo," nikasema. Sikutaka kudanganya. "Pipa moja, na hata hilo halijafika juu."

"Kidogo ndicho ninachotaka. Kingi kipo kila mahali. Nachukua yote, na ya mwaka kesho usimwonyeshe mtu. Kwenye chupa tutaandika nini?"

Nilitaka kusema, lakini Meshack alinitangulia. "Andika Itumba," alisema. "Na chini yake andika Petro. Yeye ndiye aliyetaka kuona tofauti."

Mtu wa viwanja akapiga simu tena jioni. Meshack akaiangalia ikilia kwenye meza, akamwambia Ruthu aiweke chini ya mto.

Asubuhi tulipanda Itumba, yeye na mimi. Nguzo zangu za mwisho wa mistari zilikuwa zinalala kwa sababu waya unazivuta na kokoto hazishiki. Meshack akazitazama zile bikoni, akazitazama nguzo, akavua shati. Tukang'oa bikoni, tukazifukia moja moja nyuma ya kila nguzo, tukafunga waya, tukaukaza mpaka ukalia ukiugusa kwa kidole. Ni zege zuri. Namba nyekundu zinaonekana juu ya udongo mpaka leo.

Ruthu alituletea uji akatukuta tumekaa juu ya bikoni ya mwisho, namba saba.

"Kiwanja namba saba kimekwenda kwa nani?" akauliza.

"Kwa mzabibu," Meshack akamjibu. "Kashahamia." Akanywa uji, akateremsha macho bondeni, kwenye mashamba yake ya kijani yaliyokuwa yanang'aa kwa maji. Akakohoa. "Zablon. Kiangazi kijacho, nikitaka kujaribu mistari miwili mitatu kule chini, bomba nalifunga lini?"

"Muulize Erica."

"Nakuuliza wewe."

"Zikianza kubadilika rangi," nikamwambia. "Na siku mtu akikuletea boza, njoo uniite. Nitasimama mbele na wewe."